Kazini napima unyevu wa korosho, nyumbani ukuta unalia maji. Wakuu, nipeni mawazo

Mwana Mikindani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Nipo barazani Mikindani, mvua imeshika tangu saa nane na haina dalili ya kukata. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni karani kwenye ghala moja la korosho hapa Mtwara, jina lake niachieni. Msimu ukifunguliwa Oktoba kazi yangu ni kuchoma bambo (kile chuma chenye ncha cha kutolea korosho) kwenye magunia, kutoa sampuli, kupima unyevu na kuandika. Korosho ikiwa mbichi nairudisha ikaanikwe. Kwa kazi hiyo nimetukanwa na wazee wenye heshima zao, nimetukanwa na madereva waliolala foleni siku mbili, na kuna mama mmoja wa Tandahimba aliniambia Mungu atanipima na mimi unyevu wangu. Nilicheka. Sasa sicheki.

Nakaa nyumba ya marehemu bibi. Ni ya zamani, ukuta wa mawe ya matumbawe wenye unene wa dhiraa nzima, boriti za mikoko, ndani chokaa nyeupe. Zamani juu ilikuwa makuti, mzee wangu akaja akaweka bati. Chokaa ilikuwa imechakaa, ukiegemea unatoka na shati jeupe mgongoni, na wageni walikuwa wananiuliza kama nimetoka kwa mganga. Nikasema mwaka huu natengeneza.

Mnakumbuka msimu wa 2024, mnada wa kwanza bei ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mji mzima ukawa na hela siku moja. Kila mtu anapaua, kila mtu anapiga plasta, na mvua nazo zinakuja Desemba, kwa hiyo wote tunamtafuta fundi yuleyule wiki ileile. Nilimpata mmoja mgeni, kijana mwepesi, hana maneno. Mifuko 28 ya simenti, plasta ndani na nje, skimu, halafu rangi ya plastiki ya maziwa. Siku ya mwisho nilipiga picha nikawatumia ndugu wa Dar. Dada akaniandikia, "Nyumba ya bibi imekuwa benki."

Ilikaa benki wiki sita. Baada ya hapo rangi ikaanza kuvimba kama mtu aliyeungua na chai. Ukibonyeza, ganda linadondoka na nyuma yake kuna unga mweupe. Chini, kimo cha goti, ukuta umeloa. Leo hii nimekisogeza kitanda katikati ya chumba kama nimehamia jana. Godoro linanuka uvundo. Mwenye ujuzi aseme.

Kangomba Mstaafu

Mtu wa bambo kachomwa bambo. Yule mama wa Tandahimba umeshamtafuta umuombe msamaha? Anzia hapo, mengine fundi atamalizia.

Mwashi wa Chuno

Mkuu pole. Ngoja nikueleze polepole, maana wengi wanaliona hili kila mwaka na wanaishia kununua rangi nyingine.

Jiwe la matumbawe lina vitundu, linanyonya. Na hizo nyumba za wazee msingi wake hauna ile nailoni tunayotandaza siku hizi kuzuia maji yasipande. Kwa hiyo maji ya ardhini yanapanda ukutani kama chai inavyopanda kwenye kitumbua ukikichovya. Wazee walilijua hilo. Chokaa ni laini, inapumua: maji yanapanda, yanatokea usoni mwa ukuta, upepo wa bahari unayakausha, maisha yanaendelea. Ule unga uliokuwa unakuchafua shati ndio ulikuwa unakulindia nyumba, kila baada ya miaka michache unapaka tena.

Wewe umekuja na simenti na rangi ya plastiki, umefunga mlango. Maji yanapanda vilevile, pa kutokea hayana. Na jiwe lenyewe limetoka baharini, lina chumvi yake. Maji yakikauka nyuma ya rangi, chumvi inabaki, inaganda chembechembe kama sukari guru, na hizo chembe zina nguvu, zinasukuma ganda mpaka linang'oka. Huo unga mweupe ulambe kidogo utaniambia.

Dawa: bandua simenti yote, acha ukuta ukauke kiangazi, piga chokaa.

Mwana Mikindani

Nimelamba. Chumvi tupu.

Lakini kaka, BANDUA YOTE? Mifuko 28?

Mzee wa Kenchi

Vijana msimtishe mwenzenu. Nimepiga plasta ya simenti zaidi ya miaka 20, Shangani mpaka Naliendele, nyumba zimesimama hazijavimba. Simenti haina kosa, tena kiwanda kipo hapahapa mkoani, inafika ikiwa mpya. Kosa ni mchanga. Mleta uzi hebu sema ukweli, mchanga ulitoka wapi? Maana msimu ule lori la mchanga wa mtoni lilikuwa halishikiki, na mafundi wepesi-wepesi walikuwa wanachota pwani usiku.

Mwana Mikindani

Mzee wangu shikamoo. Ulikuja kwa mkokoteni. Nimetoka sasa hivi na tochi kuangalia pale ulipobaki kidogo nyuma ya choo. Una vipande vya makombe.

Mzee wa Kenchi

Marahaba. Basi umejipakia chumvi kutoka ndani na kutoka nje. Ungejenga nguzo kwa mchanga huo nondo zingeoza zikiwa bado humo ndani. Shukuru ni plasta.

Mwashi wa Chuno

Mzee heshima yako, ila hizo nyumba zako za Shangani na Naliendele ni za tofali, msingi una nailoni. Hapa tunazungumzia jiwe la matumbawe, hata angetumia mchanga safi kiasi gani lingemfikia, lingechelewa tu.

Mzee wa Kenchi

Lingechelewa hata miaka kumi. Miaka kumi si haba kijana wangu, wengine hatunayo.

Dada wa Ng'apa

Samahani kwa kuteka uzi, na mimi nina langu kutoka Lindi. Mwaka 2024 kile kimbunga Hidaya kilipopita mwezi wa tano, barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, mabasi yakakwama, mimi nilikuwa nimeezua nusu ya bati nasubiri mzigo. Nikavumilia na turubai. Nilipokwenda dukani muuzaji akaniuliza geji 28 au geji 30? Nikafikiria 30 ni kubwa kuliko 28, basi ndiyo nene. Nikalipa nikijiona mjanja, tena nikamshangaa kwa nini ni rahisi. Nimerudi nyumbani, fundi ameshika bati moja kwa vidole viwili akalipepea kama kanga. Ndipo nikaambiwa namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba. Na huku tunapokaa karibu na maji ya chumvi, kutu imeshaanza kwenye misumari. Kwa hiyo mleta uzi hauko peke yako.

Swali langu: hivi Mikindani nzima hapakuwa na fundi wa hapo hapo wa kukuambia habari ya chokaa? Mji wenye boma la Mjerumani la mwaka 1895 na majumba ya mawe kila kona, mtaalamu akosekane?

Kangomba Mstaafu

Swali hilo lina miiba. Naleta mkeka nikae.

Mwana Mikindani

Dada umenigusa penyewe. Sikutaka kuandika hili.

Alikuwepo. Tena si fundi tu, ni swahiba wangu wa utotoni. Tuliingia jando pamoja, na kwetu Kusini mtu uliyelala naye kule ndani ni zaidi ya ndugu, hata ukitaka kumsahau mwili haukubali. Baba yake ndiye alikuwa anampakia bibi chokaa. Mwaka jana Novemba alipita akaona mifuko ya simenti imepangwa barazani. Akasimama. Akasema, "Mawe haya hayataki simenti." Nikamwambia bei za kila kitu zinapanda, fundi nimeshampa hela ya kuanzia, chokaa nitaitoa wapi, na nani atasubiri ikauke miezi? Akarudia, "Hayataki." Kuna watu walikuwa wanasikiliza, na yule fundi mgeni alikuwa anatabasamu, basi nikajiona nadhalilishwa kwangu. Nikamjibu, "Wewe ni fundi wa makuti, haya ya kisasa tuachie."

Hakusema kitu. Aliokota mwiko wangu uliokuwa chini, akaufuta mchanga kwenye suruali, akauweka juu ya mifuko, akaondoka.

Na kuna shilingi 70,000 nilimkopesha mwezi wa nane mtoto wake alipougua. Hajarudisha. Kwa miezi yote hiyo nilikuwa najiambia sisemi naye kwa sababu ya deni. Leo mvua hii imenikalisha nikajiuliza kama kweli ni deni.

Dada wa Ng'apa

Si deni.

Mzee wa Kenchi

Si deni. Na makuti ni kazi ya fundi hasa. Kaa chini ujaribu kusuka kipande kimoja uone.

Kangomba Mstaafu

Nilikuja kucheka, nimekunja mkeka wangu taratibu.

Mwana Mikindani

Wakuu nimerudi, wiki nyingi zimepita. Kwanza ya kazini, maana yamenivuruga kichwa mpaka nikasahau ukuta.

Msimu umefungwa, ghala linafanyiwa hesabu, kuna mzigo umepungua kilo mia tatu na kitu. Bosi ametuita makarani wawili, ameweka karatasi mezani, tusaini kwamba upungufu ni wetu ukatwe kwenye posho za saa za ziada. Nikamwambia mkuu, huu ni unyaufu. Korosho imepokelewa mwezi wa kumi na moja, imekaa ghalani, imeendelea kukauka, maji yametoka, uzito umeshuka. Hata gunia ukilitikisa sasa linalia tofauti na siku lilipoingia. Nina daftari la vipimo, tarehe kwa tarehe. Akaniambia, "Maji hayaibi kilo mia tatu." Nikamwambia kwenye tani ngapi? Akanyamaza kidogo, kisha akasema nina mdomo.

Sijasaini. Mwenzangu amesaini, ana watoto wanne na ada, simlaumu. Posho yangu imeshikiliwa "mpaka uongozi ukae".

Usiku nimelala katikati ya chumba changu nikawaza: kule maji yametoka wananidai mimi, huku maji yamegoma kutoka nadaiwa na mimi tena.

Mwashi wa Chuno

Daftari hilo lipige picha kila ukurasa leo hii, lisije nalo likanyauka.

Mwana Mikindani

Nimeshapiga. Asante kaka.

La pili. Nilikwenda kwa swahiba. Sikuwa na la kusema kwa hiyo nilichukua kisingizio: nina pima maji yake, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, tangu mwaka juzi. Nikaifuta vumbi, nikaenda nayo. Nilimkuta mama yake uani anamenya ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini ya kwetu Kusini. Nikamuamkia, akaitikia, akanitazama kuanzia miguuni, akasema, "Umekonda. Au ni hiyo benki yako inakunyonya?" Kumbe mji mzima unajua.

Swahiba akatoka. Nikampa pima maji. Akaiinua machoni, akaangalia kile kitone cha hewa kama anahakikisha sijakiiba. Nikamwambia, "Ukuta umevimba." Akasema, "Najua, nilipita." Nikamwambia lile neno nililolisema siku ile halikuwa neno. Akanisogezea sahani ya ming'oko, pilipili na ndimu pembeni. Tukala. Hakusema amesamehe wala hakusema hakusamehe. Alipomaliza akanawa akasema, "Kabandue. Usiniite mpaka umebandua mwenyewe."

Kangomba Mstaafu

Huyo jamaa ningependa awe shemeji yangu.

Na ile 70,000 haikutajwa?

Mwana Mikindani

Haikutajwa na mtu.

Dada wa Ng'apa

Usiitaje mdogo wangu. Hela iliyokwenda kwa mtoto mgonjwa iache.

Mzee wa Kenchi

Aitaje. Deni lisilotajwa ndilo linaloozesha. Mwanaume mwenzie ataona anaonewa huruma.

Mwana Mikindani

Hapo mmeniacha njia panda, tuendelee na ukuta.

Nimebandua. Wikiendi nne, nyundo na patasi, asubuhi kabla jua halijakaa. Kuna mahali simenti ilitoka yenyewe kama ganda la yai, unaingiza patasi inaanguka vipande vya ukubwa wa sinia. Kuna mahali iling'ang'ania ikang'oka na jiwe, na hapo niliumia, maana ni ukuta wa bibi. Nyuma ya plasta, pembeni ya dirisha, nimekuta chokaa ya zamani bado imeshika na kuna alama ya vidole vinne. Vidole vya mtu mzima, amepitisha mkono chokaa ikiwa mbichi. Siwezi kujua ni wa nani. Nimepaacha hapo sijapagusa.

Chumvi niliambiwa nisiioshe kwa maji, nipige brashi kavu na kuzoa, kwa sababu ukimwaga maji unairudisha ndani. Nimejaza ndoo mbili na nusu.

Mwashi wa Chuno

Safi kabisa. Sasa acha kiangazi kifanye kazi. Halafu chokaa: tafadhali usinunue ile ya kuchoma matumbawe, najua bado kuna watu wanaiuza kimyakimya. Matumbawe ni nyumba ya samaki, tukiyachoma tutakula nini? Kule Msimbati wametengewa hifadhi ya bahari tangu 2000 kwa sababu hizohizo. Nunua ya mawe, ya mifuko, inakuja kutoka Tanga.

Na kama utapata ile ambayo haijazimwa, usichezee. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe bila moto, ikikurukia jichoni umekwisha. Weka maji kwanza kwenye pipa, kisha tia chokaa kidogo kidogo, watoto mbali. Ikishazimika iache ikae na maji juu wiki kadhaa, iwe laini kama samli.

Mzee wa Kenchi

Kijana ameeleza vizuri. Nakubali kwenye jiwe la matumbawe chokaa ndiyo yenyewe. Nilikuwa nabishana tu kidogo, nyumbani hakuna wa kubishana naye.

Kangomba Mstaafu

Mzee karibu hapa kila siku, wabishi tupo.

Mwana Mikindani

Wakuu, mwezi wa saba huu, mvua zimekatika, upepo wa kusi unavuma vizuri. Natoa taarifa.

Ukuta umekauka mpaka chini. Uvundo umeisha, godoro nimelirudisha ukutani. Posho bado imeshikiliwa, uongozi haujakaa, lakini nimesikia ghala jingine wanatafuta karani wa mizani na nimepeleka barua. Nimeambatanisha na picha za lile daftari. Labda watanipenda, labda wataniona mtu wa kesi.

Swahiba alikuja Jumamosi. Alizunguka nyumba nzima anagonga mawe kwa kifundo cha kidole, anasikiliza. Alipofika pale penye alama ya vidole akasimama, akaweka vidole vyake vinne juu yake. Havikulingana, vyake vifupi. Akasema, "Baba alikuwa na mkono mkubwa." Basi, akaendelea kugonga.

Tumeanza tabaka la kwanza jana. Mimi ni saidia fundi, nachekecha mchanga (wa mtoni, mzee wa Kenchi usiwe na wasiwasi) na nabeba ndoo. Chokaa haina haraka: unapaka kidogo, unafunika kwa magunia yenye unyevu jua lisiikaushe ghafla, unasubiri siku, unarudi. Magunia nimeyapata ghalani, yaliyochanika. Kwa hiyo bado nashinda na magunia na unyevu, ila sasa nalowesha mwenyewe.

Jioni tumekaa barazani na chai, mikono imekauka inauma. Nikaona nimsikilize mzee wa Kenchi. Nikamwambia, "Sheikh, tuna hesabu yetu mimi na wewe, ya mwaka jana, na kuna hii ya ufundi sasa. Tuzifanyeje?"

Akanywa chai. Akauangalia ukuta.

Akasema, "Tutahesabu chokaa ikikauka."

Mzee wa Kenchi

Chokaa ya unene huo kukauka mpaka ndani kabisa, mwaka hautoshi.

Mwana Mikindani

Najua mzee. Na yeye anajua.